Bodi Niliyoitia Ndani ya Kibuyu

"Hii nayo ni ya nini?"

Swali hilo ndilo lililotengeneza bodi yangu ya kwanza ya umeme iliyofaa kitu. Halikuulizwa na mwalimu wa chuo, wala na wale vijana wa Nairobi wanaoweka video za kufundisha watu elektroniki. Liliulizwa na mama yangu, aliyeachia shule darasa la nne, akiwa ameketi kwenye stuli ya jikoni kwetu, karai la managu mapajani, mikono ikichambua mboga na macho yakiwa kwenye karatasi yangu. Aliliuliza mara nyingi mpaka nikatamani kuirarua hiyo karatasi. Mimi nina hasira za karibu, bora niseme mapema. Chuma cha kulehemu kikiniunguza kidole huwa nakitukana kama mtu mzima mwenzangu. Mama yeye hana haraka na kitu chochote, isipokuwa maziwa.

Kwetu ni juu kidogo ya Mogogosiek, mahali ambapo ukifungua mlango wa nyuma umeshaingia kwenye chai. Akina mama wa kijiji wana kikundi, na kikundi kina tanki la kupoza maziwa, ndani ya nyumba ya mabati iliyo juu ya kilima, hatua kama mia mbili kutoka kwetu. Maziwa ya jana jioni na ya leo asubuhi yanakaa humo mpaka lori la mnunuzi lipite saa kumi. Shida yetu ni stima. Mvua ya mchana ikianza kunguruma upande wa msitu, stima inapotea kabla tone la kwanza halijagonga bati. Jenereta ipo, lakini jenereta haijiwashi. Lazima mwenye ufunguo wa nyumba ya tanki ajue kwamba tanki linapata joto, apande kilima, aiwashe. Na mwenye ufunguo alikuwa mama.

Mara mbili maziwa yalikuwa yameharibika. Mara zote mbili mama alikuwa shambani anachuma chai, na ukiwa katikati ya chai utajuaje stima imeenda? Dereva wa lori alionja, akatema, akasema tajiri wake amemtuma atuambie neno moja: ikitokea mara ya tatu, lori halitapanda tena kilima chetu. Kikundi kikakutana. Wakasema kwa upole, maana kwetu mambo mazito husemwa kwa upole, kwamba mama yetu ameanza kuzeeka, na ikiwa mambo yataendelea hivi, ufunguo utabidi ushikwe na mtu mwenye miguu myepesi.

Alirudi nyumbani hakunywa chai. Hapo ndipo nilijua ameumia, kwa sababu mama yangu hunywa chai hata akiwa na homa. Baada ya baba kufariki, ni yeye aliyetembea boma hadi boma akiwaomba wanawake waungane, wengine wakimfungulia mbwa, mpaka tanki likaja. Ule ufunguo huvaa shingoni kwa kamba ya kiatu, hata kanisani. Kuuchukua kungekuwa kumwambia arudi jikoni akae.

Mimi nilikuwa nyumbani mwaka wa tatu. Nilikuwa na diploma yangu ya elektroniki kwenye kabati, chini ya blanketi za wageni, na kazi ya kutengeneza chaja za simu na redio za watu. Kijijini waliniita msichana wa waya. Nilimwambia mama, "Nitakutengenezea mashine ya kuangalia tanki." Akasema, "Haya." Sijui kama aliniamini. Lakini aliketi.

Karatasi ya kwanza niliyomwonyesha ilikuwa na kila kitu nilichowahi kutamani kujenga. Kulikuwa na skrini, kulikuwa na laini ya simu ya kutuma ujumbe, kadi ya kuhifadhi kumbukumbu, taa tatu za rangi tatu. Bei yake sikuwa nimethubutu kujumlisha. Mama alinyoosha kidole chenye rangi ya chai.

"Hii ni ya nini?"

"Skrini. Inaonyesha joto la maziwa."

"Inaonyesha nani?"

"Watu."

"Watu gani? Pale kwa tanki niko mimi na ng'ombe ya jirani."

Nikakata skrini. Akauliza ile nyingine ni ya nini, nikamwambia hiyo inatuma ujumbe kwa simu yake. Akacheka mpaka managu yakamwagika. "Ujumbe ukiingia kwa simu yangu mimi najua ni kampuni inataka nikope. Hata sifungui. Kwani haiwezi kupiga kelele tu?" Nikakata laini ya simu, ambayo peke yake ilikuwa ghali kuliko vitu vingine vyote pamoja, na mahali pake nikaweka king'ora cha lori, kile kinacholia lori likirudi nyuma, nilichokipata kwa muuza vyuma kuukuu Litein. Betri tukachukua ya pikipiki, ili stima ikienda bodi ibaki macho.

Nilipoona mambo yanapungua, nikajaribu kuwa mjanja zaidi yake. Nikasema, sasa tufanye rahisi kabisa, bodi iangalie stima tu. Stima ikipotea, king'ora kilie. Mama akaacha kuchambua mboga.

"Wewe, stima ikiwa kidogo tanki linanguruma siku nzima na halipozi kitu. Hujaona? Taa inawaka, maziwa yanaharibika. Usiangalie stima. Angalia maziwa."

Nilikuwa nimesoma miaka mitatu na hilo halikuwa limenipitia kichwani. Basi tukaweka kipimo kidogo cha joto, punje tu kama mbegu ya maharagwe, kinachogusa ukuta wa tanki.

Alipogoa ile bodi jinsi anavyopogoa chai yake, bila huruma na bila kukosea. Kila kitu nilichoshindwa kukieleza kwa sentensi moja kilitoka. Chipu yenyewe, ile kompyuta ndogo yenye miguu minane tu, aliitazama kwa muda mrefu kwenye kiganja chake. "Hii?" "Hiyo ndiyo inafikiri." "Basi ibaki." Taa mbili zikaenda. Taa ya tatu tuligombana juu yake. Nilitaka taa moja na kitufe kimoja: ukibonyeza, taa inakonyeza idadi ya mara ambazo king'ora kimelia tangu bodi iwekwe. Mama akasema nani ana muda wa kuhesabu kukonyeza. Nikasema mimi. Akasema, "Sawa, hiyo ni yako. Lakini moja tu."

Ilibaki kuchora njia. Bodi ya bei ya chini ina shaba upande mmoja tu, kwa hiyo njia za umeme haziwezi kupandana. Zikipandana, unalazimika kuruka juu kwa kipande cha waya, na kila waya wa kuruka ni kazi na ni mahali pa kukatika. Nilihangaika siku mbili na kompyuta yangu kuukuu, na bado nilikuwa na waya nne za kuruka. Nilikuwa nimeanza kuongea peke yangu kwa ukali. Mama akasimama nyuma yangu, akaangalia kama anavyoangalia wachumaji wanaopishana vibaya kwenye mistari ya chai.

"Na huyu mwenye miguu, ni lazima aangalie huko? Mgeuze aangalie huku."

Nikamgeuza, kwa hasira, ili nimwonyeshe haitasaidia. Waya tatu zikapotea papo hapo. Ulibaki mmoja. Aiya! Nilipiga meza kwa kiganja, yeye akarudi kwa sufuria zake, nami nikamwona bega likitikisika kwa kicheko.

Ule mchoro niliuchapisha kwenye duka la fotokopi, juu ya karatasi laini ya kalenda ya zamani, maana wino wa mashine ile ukipashwa moto huachia karatasi na kushika shaba. Kupasha moto nako ni kwa pasi. Nimeweka pasi, stima ikaenda. Nilitukana kampuni, nikatukana mawingu. Mama akaniletea pasi ya makaa ya bibi, akaipuliza, akapiga pasi yeye mwenyewe, polepole, akibonyeza kona kwa kona kama anayepiga pasi kola ya sare ya shule. Karatasi ilipotoka, njia zote zilikuwa zimeshika, hata zile nyembamba. Chuoni tulikuwa tukirudia kazi hiyo mara tatu au nne. Nikaitia kwenye dawa ya kula shaba, nikatoboa matundu kwa injini ya kaseti iliyokufa, nikalehemu. Bodi nzima ilikuwa ndogo kuliko viberiti viwili vikiwekwa pamoja.

Ikabaki nyumba yake. Kwetu unyevu hauna adabu. Ukungu unaingia mpaka kwenye makabati, na bodi bila kasha zuri haimalizi miezi miwili. Makasha ya plastiki yasiyopitisha maji hayakuwepo karibu, na ya mjini yalikuwa ghali kuliko bodi. Nilikuwa nazunguka nyumba nikitafuta mkebe, mama akaingia chumbani kwake akatoka na sotet, kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, kile kidogo chenye kifuniko cha ngozi. Kilikuwa kimepasuka shingoni na kushonwa, hakikuweza tena kushika maziwa. Lakini kifuniko bado kilikaza, na tumbo lilikuwa zima.

"Hiki kimeshika maziwa tangu niolewe," akasema. "Kishike na hii."

Sitasahau nilivyofurahi. Bodi iliingia kana kwamba kibuyu kilipandwa kwa ajili yake. Waya nilizitolea kwenye tundu dogo nikaziba kwa nta. Siku ya kukitundika ukutani, akina mama walikuja wote, wakaomba, wakaimba, na mwenyekiti wetu, mke wa mwalimu mwenye sauti ya kwaya, akakipapasa kibuyu akasema, "Hii sasa ni kitu yetu." Nikazima stima makusudi, nikapasha kipimo kwa kiganja, king'ora kikalia mpaka ng'ombe wa jirani wakakata kamba. Walinipigia makofi. Mtu mmoja nyuma akanishukuru, "Kongoi, injinia." Niliangalia chini nikijifanya natafuta bisibisi.

Ilikuwa wakati wa jua. Baada ya lile jaribio nilirudisha hesabu ya bodi kwenye sifuri, na kwa wiki tatu ilifanya kazi bila kosa. King'ora kililia mara kumi na moja, na mara kumi na moja mama alipanda akawasha jenereta. Nilibonyeza kitufe changu nikahesabu kukonyeza, kumi na moja kamili. Kichwa kikanivimba. Nikamwambia mama aache ile tabia aliyoanza baada ya maziwa kuharibika, ya kwenda kulishika tanki kwa mkono kila saa. "Mama, pumzika. Ukienda-enda watu watafikiri mashine haifai." Akaniangalia kidogo, akasema haya.

Kisha mvua zikaanza, zile ndefu. Mawe yalinyesha yakatoboa majani ya chai, stima ikawa ya kubahatisha. Mimi nilikuwa nimepata kibarua cha kutengeneza vitu vya watu Bomet mjini, nikirudi jioni. Kila jioni nilimuuliza mama, "Leo iliita?" naye akijibu, "Iliita." Maziwa hayakuharibika hata siku moja. Dereva wa lori alionja akatikisa kichwa kwa kuridhika. Habari zikatembea, na kikundi kimoja cha Kedowa kikatuma salamu kwamba wangependa kuja kuiona mashine, na ikiwapendeza niwatengenezee ya kwao na za vikundi jirani. Haki, nilianza kuota nina karakana.

Kikao kiliwekwa Jumamosi. Asubuhi yake mvua ilikuwa tayari inarusharusha. Nilipanda peke yangu kwenye nyumba ya tanki, ambayo mama alikuwa ameifungua mapema kwa ajili ya wageni, nipanguse kibuyu, nihesabu kukonyeza ili niwaambie wageni idadi. Nilibonyeza kitufe. Nikahesabu: kumi na moja. Nikabonyeza tena. Kumi na moja.

Wiki sita za mvua, na king'ora hakikulia hata mara moja. Nikaangalia jerikeni ya petroli. Tulikuwa tumeijaza mara mbili tangu mvua zianze. Jenereta ilikuwa ya joto bado.

Nilifungua kifuniko. Bodi yangu ya kijani na shaba ilikuwa nyeusi. Imelowa, imepakwa vumbi jeusi kutoka upande hadi upande, na nilipoigusa kidole kikatoka na masizi. Hapo nikaelewa, nikajiita majina ambayo siwezi kuyaandika. Sisi kibuyu cha maziwa hukisugua ndani kwa kijinga cha mti wa senetwet, makaa yanashika ukutani, ndiyo yanayoipa mursik rangi na harufu. Kibuyu hicho kilikuwa kimesuguliwa tangu mama aolewe. Makaa yaliyosagika yakilowa yanapitisha umeme. Niliandika hivyo kwenye mtihani nikapata alama zote. Na mimi ili betri idumu nilikuwa nimechagua umeme mdogo mno kwenye njia ya kipimo, mdogo kiasi kwamba hata uchafu uliolowa ungeweza kuupotosha. Unyevu ulipoingia, makaa yaliunganisha njia zisizofaa kukutana, na chipu ikaamini tanki ni baridi siku zote. Mtu wa Mombasa asingefanya kosa hilo. Angechungulia ndani kwanza akauliza mbona humu ni kweusi. Mimi nimezaliwa nikaona ndani ya kibuyu ni kweusi, nikaona ndivyo kibuyu kilivyo.

Nilishuka kilima nikiteleza. Mama alikuwa jikoni akichemsha chai ya wageni kwenye sufuria kubwa.

"Mama, king'ora kiliita lini mara ya mwisho?"

"Juzi."

"Juzi saa ngapi?"

"Wewe ulikuwa Bomet," akasema, bila kugeuka. "Shika hiyo kikapu ya vikombe, wageni wanapanda."

Nikafungua mdomo, lakini akina mama wa Kedowa walikuwa tayari mlangoni, watatu, wakitikisa mwavuli na kutusalimu. Nikashika vikombe.

Tuliketi kwenye ukumbi mdogo wa kanisa, watu kama thelathini. Maombi, salamu, wageni wakajitambulisha. Mwenyekiti akasimulia habari za mashine vizuri kuliko mimi ningeweza: kwamba mvua hizi zote maziwa hayakuharibika hata tone, kwamba binti yetu wenyewe ndiye aliyeitengeneza, kwamba Mungu ametukumbuka. Wageni wakaniangalia kwa macho ya kununua. Mimi nilikuwa natoka jasho kwenye baridi ile.

Kisha akasema, kwa sauti yake tamu, "Na kwa sababu sasa mashine inaangalia maziwa yenyewe, tumeonelea mama yetu apumzike. Ametumika vya kutosha. Kuwasha jenereta ni kazi ya dakika moja, mtu yeyote kijana anaweza. Mama, tunakushukuru, na leo tunakuomba umpe ufunguo huyu bibi harusi wetu mpya."

Akamwonyesha msichana aliyeolewa kijijini juzijuzi, nao wakapiga makofi. Walimaanisha mema, hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Mama alitabasamu. Akapeleka mikono nyuma ya shingo, akaanza kufungua fundo la ile kamba ya kiatu. Fundo halikutoka, naye akaendelea kutabasamu, akaendelea kufungua. Angeweza kusema neno moja tu. Hakulisema.

Nilisimama ghafla, stuli ikaanguka.

"Mashine imekufa!" Nilipiga kelele, kanisani, mbele ya wageni. "Imekufa tangu mvua ianze. Mimi ndiye niliyeiua, niliiweka kwa kibuyu chenye makaa. Haijaita hata siku moja. Wiki sita haijaita! Mnampigia nani makofi?"

"Keti chini, wewe," mama akasema kwa Kikipsigis, kwa sauti ya chini.

"Siketi."

Mwenyekiti akanitazama, akamtazama mama. "Sasa kama haikuita," akasema polepole, "hiyo jenereta ilikuwa inawashwa na nani?"

Mama alikuwa bado ameshika kamba nyuma ya shingo.

"Mama?"

"Ni mimi."

"Ulijuaje?"

"Nilienda nikashika tanki."

"Kila siku?"

"Mara tatu kwa siku. Mvua ikiwa kubwa, naenda nne."

"Na mbona hukutuambia?"

Mama aliishusha mikono yake, akaiweka mapajani, na kwa mara ya kwanza nikaona amekasirika. "Ningewaambia nini? Siku ya kwanza nilipokuta tanki ina joto na hiyo kitu imenyamaza, nilisema leo nitamwambia. Nikafika nyumbani nikamkuta anaimba. Nyinyi hamjui. Miaka mitatu sijamsikia akiimba. Amekaa hapa na karatasi yake kwa kabati, mnamwita msichana wa waya, mnacheka. Siku moja tu mmemwita injinia. Moja! Mimi niende nimnyang'anye hiyo juu ya kupanda hiyo kilima kidogo? Ningepanda tu."

"Lakini ufunguo, mama," mwenyekiti akasema. "Ungetoa ufunguo."

"Ningetoa. Halafu ningemwomba huyu bibi harusi aniache niingie kushika."

Mmoja wa wale wa Kedowa akatoa leso akajifuta. Bibi harusi mwenyewe alikuwa anatikisa kichwa, mikono ameificha chini ya shali asije akapewa kitu. Hakuna aliyeitisha kura. Mwenyekiti alitoka mbele, akaenda nyuma ya mama, akalikaza lile fundo tena kwa vidole vyake, akarudi mahali pake akaketi bila kuimba wala kuomba.

Mimi nilikuwa bado nimesimama, mtu mzima, nalia kamasi zikinitoka mbele ya watu waliokuja kuninunua. Nilikuwa nimemwambia asiende-ende, watu wasije wakafikiri mashine yangu haifai. Nikapita katikati ya viti, nikapiga magoti kando yake nikamshika mkono. Ulikuwa wa baridi kama chuma. Asubuhi ile, kabla hajateleka chai ya wageni, alikuwa ameshapanda kulishika tanki.